Dakika tatu za Bi Siti

Kazi yangu ni kuhamishia santuri za zamani kwenye kompyuta, zile sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika ambazo ukiidondosha moja ndo basi tena, na swali ninaloulizwa kila kukicha ni hili, eti mwanamke wa kwanza huku kwetu Afrika Mashariki kutoa santuri ni nani. Siti binti Saad, 1928, Bombay, kampuni ya santuri ya HMV (His Master's Voice). Haya, jibu la chemshabongo unalo, ila mi naona hilo neno "wa kwanza" linampunja.

Bi Siti alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye ufukara, jina la utotoni Mtumwa, kakua anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti, mjini kahamia 1911. Taarabu wakati huo ilikuwa ya jumba la Sultani, na mashairi ya Kiarabu, yaani Mswahili wa Ng'ambo, mtaa wa walalahoi pale mjini Unguja, unasikia raha ya udi na fidla lakini maneno huambulii kitu. Yeye akaimba Kiswahili, tena mambo ya mtaani. Kuna ule wimbo wa Kijiti, jamaa kaua mwanamke mgeni kakimbilia bara, halafu wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndo wakafungwa wao, kisa walinunua pombe! Kesi hiyo leo tunaijua kwa sababu iliimbwa.

Sasa njoo kwenye sahani yenyewe. Upande mmoja unabeba dakika tatu na ushee tu, na taarabu unaijua, ubeti unarudiwa, watu wanainuka kutunza, nani ana haraka? Kule Bombay sauti ilichorwa papo hapo kwenye sahani ya nta, hakuna kukata wala kuunga, mtu akikosea mnaanza upya na nta nyingine. Kwa hiyo Bi Siti na wanamuziki wenzake, akina Subeit Ambar na Mbaruk, ilibidi waubane wimbo bila kuuvunja shingo. Mi nikiweka sindano, chini ya ule mkwaruzo kama mtu anakaanga samaki, namsikia anavuta pumzi fupi halafu anaingia, hababaiki hata kidogo.

Na santuri ziliuzika bana, hadi haikupita miaka mingi kampuni nyingine zikafungasha mitambo zikaja zenyewe huku pwani kutafuta waimbaji.