Vimeng'enya havifi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukichemsha, vimeng'enya vinakufa." Naanza na dhana hii kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Kimeng'enya, yaani kitu ndani ya viumbe kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali, hakina uhai wa kupoteza. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira mpaka seli zikapasuka, akaikamua, na maji yaliyotoka, yasiyo na seli hai, yakaendelea kuchachusha sukari. Mwaka 1926 James Sumner akakitenga kimeng'enya kiitwacho yurease kikiwa fuwele, akaonyesha kwamba ni protini. Tunazungumzia molekuli, basi: mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja na kuacha kijishimo ambamo molekuli nyingine hunasa na kubadilishwa. Kazi yote imo katika umbo hilo. Joto likizidi, vifungo hafifu vinavyoshikilia mikunjo huachia, kijishimo kinavurugika na kazi inakoma, ingawa mnyororo wenyewe haujakatika.

"Baridi nayo huviharibu." Mara nyingi sivyo. Baridi hupunguza mwendo wa molekuli, zikawa hazikutani mara kwa mara, lakini umbo linabaki palepale. Hili unaweza kulitazama kwa macho yako. Chukua vipande vitatu vya kiazi: kimoja kibichi, cha pili kilichochemshwa kikapoa, cha tatu kilichogandishwa kikayeyuka. Dondoshea kila kimoja haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Kile kibichi kinatoa povu papo hapo, kwa kuwa katalase, kimeng'enya kilichomo ndani yake, inaivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kilichochemshwa kinatulia tu. Sasa kiangalie cha tatu: kinatoa povu kama kile kibichi! Ndiyo maana mboga nyingi huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka kabla ya kugandishwa. Bila hivyo vimeng'enya vyake vingeendelea polepole kuharibu rangi na ladha humo humo kwenye friza.

Wapo wanaoamini kwamba nyuzi 37 za Selsiasi ndizo bora kwa vimeng'enya vyote. Hizo ni nyuzi za mwili wa binadamu, si sheria ya maumbile yote. Bakteria Thermus aquaticus aligunduliwa kwenye chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, na kimeng'enya chake cha kunakili DNA hustahimili nyuzi 95, ndiyo sababu kikawa nguzo ya vipimo vya PCR, ambavyo hunakili DNA mara nyingi kwa kuipasha joto na kuipoza. Asidi nayo ni hivyo hivyo. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, hufanya kazi vizuri kwenye pH (kipimo cha uasidi; kikiwa kidogo, asidi ni kali) ya karibu 2, lakini tripsini, inayotoka kwenye kongosho, hupenda karibu 8. Chakula kikishaingia utumbo mwembamba na asidi yake kupozwa, pepsini huacha kazi na tripsini ikashika zamu.

"Kimeng'enya huamua mmenyuko (badiliko la kikemikali) uelekee wapi." Dhana hii inanisumbua kuliko zote, maana hata vitabu huipita haraka. Kimeng'enya hushusha kizingiti cha nishati kinachochelewesha mmenyuko, basi. Hakiongezi mazao ya mwisho, wala hakichagui upande. Katika chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi. Damu ikipita kwenye misuli, ambako kabonidioksaidi ni nyingi, kimeng'enya hiki huigeuza gesi hiyo kuwa bikaboneti, inayoyeyuka kwenye damu. Damu ileile ikifika kwenye mapafu, kimeng'enya kilekile kinafanya kinyume chake na gesi inatoka kwa pumzi. Mwelekeo umeamuliwa na kiasi cha vitu vilivyopo pande zote mbili.

Kwamba kimeng'enya huisha kikishatumika, si kweli: molekuli moja ya katalase huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Lakini ina kikomo. Vijishimo vyote vikishajaa, kuongeza peroksaidi hakuongezi kasi tena.

Mfano wa kufuli na ufunguo, kwamba molekuli huingia kwenye kijishimo kama ufunguo kwenye kufuli, uliotolewa na Emil Fischer mwaka 1894, unafaa kuanzia, si kuishia. Daniel Koshland alionyesha mwaka 1958 kwamba kimeng'enya hujirekebisha kidogo kinapoishika molekuli yake. Na si vyote ni protini: Thomas Cech na Sidney Altman walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989 kwa kugundua RNA, molekuli ndugu za DNA, zinazofanya kazi hiyohiyo.

Mwisho, "kinachozuia kimeng'enya ni sumu." Sumu zingine ndivyo zilivyo, lakini dawa nyingi pia. Penisilini huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kujenga ukuta wa seli. Aspirini hubandika kipande chake kwenye kimeng'enya cha siklooksijenasi na kukizima kabisa, kisiweze kuamka tena. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini, kwa hiyo haziwezi kutengeneza kingine. Ndiyo maana athari ya dozi moja kwenye kuganda kwa damu huendelea siku 7 hadi 10, mpaka chembe mpya zichukue nafasi ya zile za zamani.