Mguu Uko Kwenye Plasta, Uzito Je?

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vilima, na vilima hivyo vimewasaidia wengi tunaowapokea katika kitengo cha lishe kupunguza uzito. Mtu anapunguza bugali (ugali) ya usiku, anaacha taximoto, anapanda kwa miguu kutoka Nyawera hadi Kadutu, na baada ya miezi michache nguo zinaanza kumlegea. Kisha siku moja mvua imenyesha, njia inateleza, au pikipiki inaanguka naye kwenye kona, na anajikuta kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka kwenye paja. Swali lake la kwanza kwa daktari ni lini atatembea. La pili analileta kwetu: je, kilo nilizozitolea jasho zitarudi?

Zinaweza kurudi. Lakini mgonjwa anayenipa wasiwasi zaidi ni yule anayeogopa kunenepa hadi anaamua kujinyima. Asubuhi chai bila kitu, mchana hakuna, jioni sahani moja ya mboga. Anasema hafanyi kazi yoyote, kwa hiyo hana haki ya kula. Hajui kwamba mwili wake una kazi kubwa kuliko siku zote.

Mfupa uliovunjika hauungi wenyewe tu kwa kungoja. Kwanza damu inaganda pale palipovunjika, halafu mwili unatengeneza tishu laini ya kushikilia vipande viwili, kisha tishu hiyo inajazwa madini na kuwa ngumu. Kwa mtu mzima, mfupa wa mkono mara nyingi huhitaji wiki 6 hadi 8. Ule wa mguu unaweza kuchukua wiki 12 au zaidi. Kazi yote hiyo inataka nguvu, protini, kalsiamu na vitamini. Mtu asiyekula vya kutosha huchelewa kupona, na kidonda chake, kama alipasuliwa, huchelewa kufunga.

Tena kuna msuli. Paja lisilotumika huanza kusinyaa mapema mno: hata siku 5 za kutolisogeza zinatosha kuleta upungufu unaopimika, na nguvu hupungua haraka kuliko ukubwa. Ukijinyima chakula wakati huohuo, mwili unazidi kuula msuli. Mizani itakuonyesha kilo 3 zimepungua na utafurahi, kumbe sehemu kubwa ni nyama ya paja utakayoihitaji siku ya kusimama. Msuli ukipungua, mwili pia hutumia nguvu pungufu ukiwa umepumzika, na hapo ndipo mafuta hupata njia ya kurudi.

Kwa hiyo shauri langu kwa mtu aliyeumia vibaya ni hili: wiki 2 au 3 za kwanza usipunguze uzito hata kidogo. Kula ushibe, chakula kizuri, na ulinde kilo zako zisipande. Uzito ukikaa palepale katika kipindi hicho, umefanya vizuri sana. Baadaye, maumivu yakipungua na daktari akiridhika na picha ya mfupa, unaweza kurudi kupunguza taratibu, robo hadi nusu kilo kwa wiki, isizidi hapo.

Pa kuanzia ni kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya mawese au ya chupa, kina kalori kama 120. Saa moja ya kutembea humtumisha mtu mwenye kilo 85 kalori 300 hivi, zaidi kidogo akiwa anapanda. Maana yake, saa ile ya kutembea uliyoipoteza kwa sababu ya plasta ni sawa na vijiko 2 na nusu hivi vya mafuta visivyoingia kwenye sahani yako. Simama karibu na anayepika sombe (majani ya mihogo), au mwombe akuonyeshe: mafuta yanamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, na hakuna anayehesabu. Mpe kijiko. Sombe ya watu 5 yenye vijiko 4 bado ni tamu, hasa ikiwa na karanga kidogo na kitunguu cha kutosha. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikaangwa nao hunyonya mafuta mengi. Wale waliokaushwa, wakapikwa kwa nyanya, ni bora zaidi kwako.

Na kuhusu sambaza lazima niseme zaidi, kwa sababu tunao mlangoni na tunawadharau. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanaliwa wazima, na mifupa yao ndiyo inayokupa kalsiamu. Gramu 50 za sambaza wakavu, kiasi cha mkono mmoja uliojaa, zina protini ya gramu 30 hivi. Linganisha na bugali ya mihogo, ambayo karibu yote ni wanga. Protini yake haifiki hata gramu 3 katika gramu 100 za unga.

Mtu anayepona jeraha ahesabu gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 80 anahitaji basi gramu 96 na kuendelea. Zinapatikana bila kununua chochote cha ajabu: mayai 2 asubuhi (gramu 13), uji wenye vijiko vichache vya unga wa soya (gramu 15), sahani ya maharage mchana (gramu 15), mkono huo wa sambaza jioni (30), glasi ya maziwa (8), karanga kiganja kimoja (7), na kinachobaki kinatoka kwenye unga na mboga. Gawanya siku nzima badala ya kungoja sahani moja ya usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuongea na daktari wake. Ongeza lengalenga (mchicha), nyanya, mapera au machungwa kwa ajili ya vitamini C, na ukae juani kila siku kidogo mikono ikiwa wazi. Wagonjwa wengi wa plasta hujifungia chumbani kwa wiki nyingi, na jua liko nje ya mlango.

Sasa wageni. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na hilo ni jambo zuri ambalo sitaki lipotee. Lakini angalia meza iliyo kando ya kitanda: soda 4, mikate, keki, juisi ya boksi. Soda moja ya sentilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Wengi huamini kinywaji chekundu kinaongeza damu. Hakiongezi. Kinachosaidia damu ni nyama, maini, samaki, maharage na mboga za majani. Hata mchuzi wa mifupa ambao mama mkwe ameuchemsha tangu alfajiri una kalsiamu kidogo kuliko tunavyodhani. Unywe kwa heshima yake, ila nyama iliyomo ndiyo yenye faida zaidi. Na mgonjwa anaweza kusema bila kumuudhi mtu: “Mama, aksanti sana. Daktari ameniagiza mayai na sambaza ili mfupa uunge. Siku nyingine ukija, niletee hivyo.” Nimeona familia nzima ikibadilika kwa sentensi hiyo, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta namna ya kusaidia. Bia nayo ingoje: chupa kubwa ya sentilita 72 ina kalori karibu 300, na pombe haipatani na dawa za maumivu wala na magongo.

Si mwili wote uliofungwa plasta. Ongea na mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, kabla ya kuanza, kisha tumia kilichopo. Chupa ya maji ya lita 1.5 ni kilo 1.5 za kunyanyua ukiwa umekaa: mikono miwili, mara 10, pumzika, rudia. Mguu usioumia unyooshe na kuukunja ukiwa kwenye kiti. Kuufanyisha kazi mguu ulio mzima husaidia hata ule ulioumia usipoteze nguvu yote. Kwa ule ulioumia, ikiwa umeruhusiwa, kaza paja ndani ya plasta, hesabu mpaka 5, legeza. Chezesha vidole vya mguu kila saa. Ukianza kutembea kwa magongo bila kukanyaga, usishangae jasho: mwendo huo huchosha kuliko kutembea kwa kawaida. Hayo nayo ni mazoezi, na njaa utakayoisikia baadaye ni halali.

Mizani iache mpaka plasta itoke. Inakudanganya kwa uzito wa plasta na kwa uvimbe. Chukua utepe wa fundi cherehani, upitishe kwenye kitovu asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na uandike. Kiuno kisipopanda, uko kwenye njia. Kwa mwanamke, kiuno kikifika sentimita 80, na kwa mwanamume 94, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo huanza kupanda.

Juu ya dawa za mtaani ninaomba sana. Deksametasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inauzwa kwa vidonge vya rejareja. Wengine huimeza kwa maumivu, wengine ili wanenepe. Ikitumiwa bila agizo la daktari kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, huchelewesha vidonda kupona, hupandisha sukari ya damu na kujaza mafuta tumboni. Chai za kupunguza tumbo zinazokuharisha au kukukojoza zinatoa maji tu. Mafuta yanabaki pale yalipokuwa, na wewe unabaki na kizunguzungu juu ya magongo. Mwenye kisukari anayemeza vidonge kama glibenklamidi asipunguze chakula kabla dozi haijaangaliwa upya, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Ukiona kigimbi kimevimba na kuuma, au pumzi imekatika ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na watu wenye uzito mkubwa waliolala muda mrefu wako hatarini zaidi. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vyenye ganzi, plasta imebana: usingoje kesho, na usikubali mtu wa mtaani aikaze tena.

Siku plasta itakapotoka, usianze na njia ya Kadutu. Tembea kwanza mahali tambarare, dakika 10, uongeze kidogo kila siku chache ikiwa goti halijavimba jioni. Uzito mdogo utakusaidia hapa, maana kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Utakaporuhusiwa kwenda kwenye vilima, kumbuka kwamba kwa goti mteremko ni mgumu kuliko mpando. Wiki hizo za mwanzo, panda kwa miguu polepole na urudi chini kwa gari.