Kabla hujaulizia gari la friji, angalia tenga lako

Karibu kila mwezi napigiwa simu na mtu anayetaka kupeleka nyanya za Ilula, kule Iringa, hadi Dar, na swali la kwanza ni gari la friji bei gani. Huwa namwambia tulia kwanza ndugu yangu. Gari la friji linatunza ubaridi ulioingia nao, halina nguvu ya kupoza nyanya zilizoshinda juani, na ukiliweka digrii 4 kama umebeba nyama ndo umeziharibu kabisa, maana nyanya hasa ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya digrii 10 haiivi vizuri tena, inapoteza ladha halafu ikitoka inaanza madoa na kuoza.

Mimi safari naipanga kuanzia mwisho narudi nyuma. Mwenye genge anataka nyanya ambayo akiinunua alfajiri itamvumilia kama siku 3 hivi mezani. Ilula hadi Dar ni kama kilomita 450, kuna kuteremka Kitonga, kuna matuta ya Mikumi, kuna foleni za mizani, kwa hiyo lori lenye mzigo linaweza kula usiku mzima na lazima jioni liwe limeshatoka. Basi unachuma asubuhi na mapema, nyanya ikiwa ndo inaanza kupiga wekundu kule kitakoni, na inaenda kivulini hapohapo. Ikishachumwa bado inapumua, na joto likipanda digrii 10 tu inapumua mara 2 hadi 3 zaidi, yaani inazeeka mbele ya macho yako huku wewe unabishana na dalali kwenye simu.

Sasa tenga. Tenga lina kina kirefu, za chini zinabeba wenzao usiku kucha na kila tuta ni kipigo, ukifungua Dar kule chini ni rojo. Kreti la plastiki la kilo 20 linamaliza sehemu kubwa ya hilo tatizo, ila linaleta lingine ambalo mimi mwenyewe lilinikuta: nilimshauri mteja anunue 200, nikapiga hesabu ya kwenda vizuri sana, ya kurudi nikaisahau. Wiki ya tatu hata nusu hayakuwepo, moja nililikuta sokoni mama lishe amelikalia anamenya vitunguu, na kusema kweli sikuwa na la kumwambia.

Siku hizi kreti nalihesabu kama abiria mwenye tiketi ya kwenda na kurudi. Nachagua yale yanayoingiliana yakiwa matupu ili yasijaze gari bure, na dalali anaacha hela ya dhamana kwa kila moja, anarudishiwa akileta kreti. Wanalalamika sana mwanzoni, tena sio kwa sababu ya dhamana, ni kwa vile bei ya soko inatajwa kwa tenga lililojazwa mpaka juu, na kreti haliwekewi lumbesa, ukizidisha la juu linaponda za chini. Kwa hiyo bei ya kilo mnakubaliana kabla lori halijawashwa.