Kamera ndiyo inayosema, rauta inasikiliza

"Fundi, nimenunua rauta mpya, ina antena sita, na kamera ya geti bado inazungusha kiduara tu." Simu za namna hii napokea mara kwa mara, na kabla mteja hajamaliza nishajua kilichotokea: kanunua kipaza sauti, wakati alichohitaji ni sikio.

Simu na televisheni kazi yao kubwa kwenye mtandao ni kupokea. Kamera ni kinyume chake. Picha zinazaliwa humo ndani, na kamera ndiyo inayozituma, usiku na mchana. Redio yake ni ndogo, na mara nyingi antena ni kijipande chembamba kilichobanwa kwenye plastiki. Ukiongeza nguvu ya rauta, kamera itaisikia vizuri zaidi, hata vijiti vya waifai vitajaa vyote, lakini sauti ya kamera kurudi kwenye rauta imebaki ileile. Ndiyo maana unaona vijiti vimejaa na picha imeganda.

Kwa hiyo mimi napima upande wa rauta. Fungua ukurasa wake wa mipangilio, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Rauta nyingi huonyesha nguvu ya kila kifaa kwa dBm, yaani nguvu ya mawimbi inayohesabiwa kwa desibeli. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwenye -55 hapo ni starehe. Mpaka -67 hivi video inakwenda. Kwenye -75 picha huanza kuganda, na ukifika -80 unacheza bahati nasibu. Usidharau tofauti ya namba chache: desibeli 3 ni nusu ya nguvu, na 10 ni mara kumi nzima.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na kidogo. Yakigonga kuta na vyuma hurudi, yakakutana yenyewe kwa yenyewe. Mahali pengine yanajumlishana, pengine yanauana. Kutoka penye nguvu mpaka penye shimo ni sentimita chache tu. Juzi nilikuwa juu ya ngazi, kamera mkononi, sijaifunga bado, mwenye nyumba ananisomea namba kutoka kwenye kompyuta: "Sabini na nane. Sabini na nane. Sabini na moja. Eh, sitini na sita!" Nilikuwa nimeisogeza shubiri moja na nusu tu, ikaachana na bomba la chuma la maji ya mvua. Tangu zamani nina sheria yangu: drili ni kifaa cha mwisho kutoka kwenye mkoba.

Kuta nazo hazilingani. Mbao na tofali hupunguza nguvu, lakini mawimbi hupita. Zege lenye nondo hula sana. Chuma hakina mjadala: geti la bati, friji, hata kioo cha kujitazamia, kwa sababu mgongo wake una utando wa madini. Tangi la maji limeshanisumbua kuliko ukuta wowote. Halafu angalia pembe. Ukuta ukipitwa kimshazari, mawimbi yanakutana na unene mkubwa zaidi. Mshazari ukiwa mkali, unene unakuwa maradufu. Wakati mwingine dawa ni kuihamisha rauta hatua mbili ili mstari wa kwenda kwenye kamera upite dirishani.

Na jamani, antena si bunduki. Antena ya kijiti haitoi mawimbi kwenye ncha, inayatoa ubavuni. Ukiielekeza ncha kwenye kamera umeipa kamera upande ulio dhaifu kuliko yote. Isimamishe wima.

Kwa masafa ya mawimbi, kaa na gigahezi 2.4 kama kuta ni nyingi. Gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka mapema ikikutana na ukuta, na kamera nyingi haziijui kabisa. Kwenye mipangilio ya rauta chagua chaneli 1, 6 au 11, upana wa megahezi 20, uiache hapo. Usiende chaneli 3 eti ni tupu. Chaneli hizo zinapandiana, kwa hiyo utagombana na watu wa 1 na wa 6 kwa pamoja.

Punguza pia mzigo. Kamera yenye ubora wa picha wa 1080p hutumia megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, ya 4K inaweza kufika 8 na kuendelea. Kwa geti, picha 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kumtambua mtu.

Ripita, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rauta na kuyarudia mbele? Inafaa, ikiwekwa mahali pake. Watu huichomeka pembeni ya kamera, kule kule ambako rauta haisikiki. Sasa itarudia nini? Iweke katikati, mahali ambapo yenyewe bado inaisikia rauta vizuri. Na ujue kwamba ripita yenye redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi, maana haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Mimi ningekushauri uvute waya wa mtandao, ambao huenda hadi mita 100, ukafunge sikio la pili, yaani kituo kingine cha waifai, karibu na geti. Na kama umeshafika huko na waya, nunua kamera inayopokea umeme na data kwenye waya huohuo, uachane na redio.

Yule wa antena sita nilimkuta rauta kaificha ndani ya kabati, nyuma ya televisheni. Tuliitoa, tukaiweka karibu na dirisha linalotazama geti. Namba ikapanda kutoka -81 hadi -67. Mchana picha ilikuwa safi. Ilipoingia saa moja usiku akanipigia: imekatika tena.

Hapo sikugusa waifai. Kamera inayokatika giza likiingia, ikawaka, ikakatika tena, mara nyingi ina njaa ya umeme. Taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zikiwaka hula umeme zaidi, na waya mwembamba mrefu hauufikishi wote. Nilipima kwenye ncha ya kamera taa zikiwa zimewaka: volti 9 na pointi, badala ya 12. Tulihamisha adapta hadi kwenye soketi iliyo karibu na geti, waya wa volti 12 ukabaki mita 2. Rauta yenye antena sita bado ipo dirishani.