Ladinia ni wapi? Maana ya jina utakalokutana nalo kwenye likizo ya Dolomiti

Ukiitafuta Ladinia kwenye ramani ya Italia hutaiona. Si mkoa, si wilaya, haina mji mkuu wala gavana. Hata hivyo, mtu anayekwenda likizo ya majira ya joto kwenye milima ya Dolomiti, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, atalisikia jina hilo redioni, atalisoma kwenye vipeperushi vya hoteli, na ataiona bendera yake ya buluu, nyeupe na kijani ikipepea kwenye nyumba za wakulima. Ladinia ni jina la jumla la mabonde matano ambayo wenyeji wake huzungumza Kiladini, lugha iliyotokana na Kilatini. Wasemaji wake ni kiasi cha watu 30,000 tu. Wengine huichanganya na Ladino, lugha ya Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Zote mbili ni uzao wa Kilatini, lakini kila moja ina historia yake.

Mabonde yenyewe ni Badia pamoja na Mareo. Gherdëina, ambayo Waitalia huiita Val Gardena. Fascia, yaani Val di Fassa. Fodom, au Livinallongo, pamoja na jirani yake Col. Na Ampezo, kulikojengwa mji wa Cortina, mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1956.

Kwa nini watu wachache hivyo wawe na mabonde matano na wasiwe na mkoa hata mmoja? Jibu linaanzia kwenye mlima Sella, ambao kilele chake, Piz Boè, kina urefu wa mita 3,152. Mabonde manne kati ya hayo matano yanauzunguka mlima huo, na kila moja linatelemka kuelekea upande wake. Maji ya Badia huenda kaskazini, ya Gherdëina magharibi. Mto Avisio wa Fascia hushuka kusini magharibi, na Cordevole wa Fodom kusini mashariki. Ampezo peke yake iko kando, mashariki, ng'ambo ya kipito cha Falzarego, yaani njia ya kuvukia milima.

Sasa, serikali hulitazama bonde kutoka chini, pale mto unapotokea mjini, kwa sababu soko liko huko, mahakama iko huko na askofu yuko huko. Ukitazama hivyo, Badia ni ya Brunico, Gherdëina ni ya Bolzano, Fascia ni ya Trento, na hao wengine ni wa Belluno. Mchungaji hutazama kutoka juu. Kwake yeye jirani ni yule anayechunga upande wa pili wa kipito cha Campolongo, Gardena, Sella au Pordoi, wala mji wa kule chini haumhusu sana. Kwa maoni yangu, mvutano wa mitazamo hiyo miwili ndio unaoipa Ladinia maana yake, na ndiyo maana huwezi kuielewa vizuri ukiwa umekaa kwenye hoteli moja ya bonde moja. Majira ya joto yana faida hapo: theluji imeyeyuka, njia za miguu ziko wazi, na unaweza kupanda asubuhi ukitokea bonde moja na kula chakula cha mchana kwenye bonde jingine.

Historia yao inaanza na Warumi. Mwaka 15 KK majeshi ya Drusus na Tiberius yaliiteka sehemu hii ya Alpi, na Kilatini cha askari na wachuuzi kikachanganyika na lugha ya wenyeji waliokuwa wakiitwa Waraeti. Lugha za namna hiyo zilienea eneo kubwa kuliko leo. Baadaye Kijerumani kilisukuma kutoka kaskazini na Kiitalia kutoka kusini, kilichobaki kikawa kwenye mabonde ya juu yasiyofikika kwa urahisi. Wanaisimu wengi huiweka Kiladini kundi moja na Kiromanshi cha Uswisi na Kifriuli cha kaskazini mashariki mwa Italia, ingawa ubishi juu ya undugu huo haujawahi kwisha.

Hadi Vita Kuu ya Kwanza mabonde yote matano yalikuwa ndani ya Tirol, jimbo lililokuwa chini ya Austria. Vita hivyo vilipiganwa palepale, juu ya vichwa vyao. Mwezi Aprili 1916 Waitalia walichimba handaki chini ya kilele cha mlima Col di Lana, juu ya Fodom, wakakilipua pamoja na Waaustria waliokuwa juu yake. Shimo lake unaliona hadi leo ukipanda. Vita vilipokwisha eneo lilikwenda Italia. Tarehe 5 Mei 1920 wawakilishi wa Waladini walikutana kwenye kipito cha Gardena, ambacho wao hukiita Ju de Frara, kupinga kupuuzwa kwao, na hapo ndipo bendera yao ilipoinuliwa. Haikusaidia. Mwaka 1923 utawala wa Mafashisti uliziondoa Ampezo, Fodom na Col na kuzitia mkoa wa Belluno. Mwaka 1927 Bolzano ilitengwa na Trento, Badia na Gherdëina zikaangukia Bolzano, Fascia ikabaki Trento. Mafashisti wameondoka zamani, mipaka yao ipo.

Na mipaka hiyo si ya kwenye karatasi tu. Upande wa Bolzano, yaani Tirol Kusini, Waladini wanalindwa na sheria ya mamlaka ya ndani ya mwaka 1972. Katika sensa ya 2011 asilimia 4.53 ya watu wa huko walijitaja kuwa Waladini, na hesabu za namna hiyo zina uzito kwenye kugawa ajira za serikali. Mtoto wa Badia husoma nusu ya masomo kwa Kiitalia na nusu kwa Kijerumani, na Kiladini hupewa vipindi vichache kwa wiki. Mwenzake wa Cortina, ng'ambo ya mlima, hana mpango wa namna hiyo. Si ajabu kwamba mwezi Oktoba 2007, Cortina, Fodom na Col zilipopiga kura ya maoni, wengi walitaka kujiunga na Tirol Kusini. Bado wako Belluno.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mwitalia wa Roma. Kiladini hakina umbo moja. Ukitaka kushukuru ukiwa Badia utasema giulan, Gherdëina utasema de gra, Fascia utasema detelpai. Sisi suala hilo lilikatwa mapema: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikawekwa kando, na wapo Mombasa ambao hadi leo hawajaridhika. Waladini hawakutaka bonde lolote litawale jingine. Padri Micurà de Rü alijaribu tangu mwaka 1833 kuandika sarufi ya lugha moja ya wote. Mwishoni mwa karne ya 20 Mswisi Heinrich Schmid akaandaa kanuni za Ladin Dolomitan, lugha ya maandishi iliyochanganya lahaja zote kwa pamoja. Ilikuwa kazi safi, lakini shuleni na maofisini kila bonde limeendelea na lahaja yake. Labda hiyo ndiyo gharama ya kutomuudhi mtu.

Basi mgeni wa mwezi Julai ataona nini? Kwanza vibao. Mji mkuu wa Gherdëina una majina matatu kwenye kibao kimoja: Urtijëi, St. Ulrich, Ortisei. Ni mji wa wachonga vinyago vya mbao tangu karne ya 17, hasa sanamu za watakatifu na wanasesere, na maduka yao bado yapo. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1940, Giorgio Moroder, yule mtayarishaji wa muziki aliyewachezesha watu disko dunia nzima.

Ukitaka kuona maisha ya zamani, nenda Badia, kwenye kijiji cha Lungiarü, upande zilipo Seres na Miscì. Hizo ni viles, vitongoji vya nyumba chache zilizosongamana kwenye mteremko ili ardhi tambarare ibaki kwa mazao. Kila familia ilikuwa na majengo mawili, nyumba ya mawe ya watu na ghala la mbao la mifugo na nyasi kavu, yakiwa mbalimbali kidogo ili moto ukishika moja lisiunguze jingine. Maji na tanuri la mikate vilikuwa vya wote. Ndani ya nyumba kipo chumba kimoja tu cha joto, stüa, chenye kuta, dari na sakafu za mbao. Pembeni kuna jiko kubwa la kujengewa, lenye mabenchi kulizunguka. Mlango wa kutilia kuni hauko ndani ya chumba hicho, uko upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo aliyekaa stüa hupata joto bila moshi wala majivu. Kati ya vitongoji hivyo, kandokando ya kijito, kuna vinu vya maji vilivyokarabatiwa, na njia ya kuvitembelea si ngumu hata kwa mwenye watoto.

Chakula chao ni cha watu wa baridi. Turtres ni vipande viwili vya unga vilivyosukumwa vyembamba, vikajazwa mchicha na jibini laini au kabichi iliyochachushwa, vikabanwa kingo na kukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka vivimbe. Huletwa pamoja na supu ya shayiri, panicia. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, maana nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi huingia kwenye supu hiyo na hata ndani ya madonge ya mkate ambayo kwa macho hayana nyama. Moena, chini ya Fascia, kuna jibini ambalo gamba lake husuguliwa kwa maji ya chumvi mara kwa mara mpaka linuke. Waitalia wamelipa jina la Puzzone, linalotokana na kunuka, na wauzaji hawaoni aibu.

Jioni tazama miamba. Jua linapozama, mawe yaliyokuwa meupe mchana kutwa hugeuka rangi ya machungwa, kisha waridi, kisha zambarau, na ndani ya dakika chache yamekuwa kijivu. Waladini huiita enrosadira. Mwamba huo ni dolomiti, mchanganyiko wa kalisi na magnesi uliopewa jina kutokana na mwanajiolojia Mfaransa Déodat de Dolomieu aliyeuchunguza mwishoni mwa karne ya 18. Masimulizi ya wenyeji yana maelezo mengine. Mfalme Laurin alikuwa na bustani ya waridi mlimani, na waridi hizo zikamfichulia maadui mahali alipo. Alizilaani zisionekane tena mchana wala usiku. Akasahau kutaja machweo.

Wageni hawa wa majira ya joto ndio waliowafanya vijana wa mabonde haya wabaki makwao badala ya kwenda kutafuta kazi mjini, na hilo lisidharauliwe: lugha haiishi mahali ambapo watu wamehama. Lakini kipimo kimezidi. Katika majira ya joto ya 2025 wenye mashamba kwenye ukingo wa Seceda, juu ya Gherdëina, waliweka geti na kutoza euro 5 kila mpita njia, wakisema malisho yao yanakanyagwa na watu waliokuja kupiga picha moja na kuondoka. Wapo waliowaita wachoyo. Mimi nawaelewa: nyasi hizo ndizo chakula cha ng'ombe cha miezi ya theluji, na mwenye kuzikata mtelemkoni hawezi kutumia trekta kila mahali.

Treni haifiki ndani ya mabonde. Reli ya Gherdëina, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilifungwa mwaka 1960, kwa hiyo shuka Brunico kwa ajili ya Badia au Bolzano kwa ajili ya Gherdëina, upande basi. Nyumba nyingi za wageni hutoa kadi ya kusafiria bure kwa mabasi, lakini kadi hiyo ni ya Tirol Kusini. Ukishuka upande wa pili wa Campolongo uko Arabba, mkoa wa Belluno; muulize dereva kabla hujapanda kama itakurudisha.