Je, wajua kwa nini kongosho huchunguzwa kupitia mdomoni?

Ukipakwa jeli tumboni na kupitishiwa ultrasaundi, ile ile ya kuangalia mimba, daktari ataliona ini, ataziona figo na kifuko cha nyongo. Kongosho huwa analiona nusunusu tu, na mara nyingine halioni kabisa.

Limejificha hasa. Liko nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo; kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo, mkia unafika kwenye wengu. Mawimbi ya sauti yakitoka kwenye ngozi hukuta mafuta kwanza, kisha hewa ya tumboni. Hewa ndiyo kikwazo kikubwa: inayarudisha mawimbi, na kilicho nyuma yake hakionekani.

Mwaka 1980, madaktari wa Marekani na Ujerumani waliripoti njia ya kukwepa hewa hiyo: kifaa kidogo cha ultrasaundi kwenye ncha ya mpira wa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera wa kutazamia ndani ya mwili. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, mpira hushushwa kooni hadi kwenye mfuko wa chakula, na hapo kongosho liko nyuma ya ukuta wa milimita chache. Ukaribu huo una faida nyingine. Mawimbi ya masafa ya juu hutoa picha safi zaidi, ila hayafiki mbali. Kwa aliye ndani, umbali si tatizo tena. Hivyo hunaswa hata uvimbe wa chini ya sentimita 2, ambao CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa kwa kompyuta, huweza kuukosa.

Hata hivyo CT ndiyo hutangulia. Dawa ya rangi huchomwa mshipani, na baada ya sekunde 40 hivi kongosho zima hung'aa kwa damu, huku saratani ya aina iliyo ya kawaida zaidi, yenye mishipa michache, ikibaki doa jeusi. CT ndiyo huonyesha pia kama uvimbe umeikaba mishipa mikubwa, jambo linaloamua kama upasuaji unawezekana.

Lakini doa ni doa tu. Kongosho lenye uvimbe wa muda mrefu wa kuwasha (inflamesheni), lisilo na saratani, huweza kuonyesha doa kama hilo. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake, Denmark, waliripoti kupitisha sindano ndani ya mpira ule ule, ikatoboa ukuta kutoka ndani na kuchota chembe za kongosho, daktari akiitazama ncha yake kwenye skrini.