"Chango tu hicho": tunayoyasema tumbo likiuma na yanayokutwa likipasuliwa

Bibi mmoja wa Kisauni alimleta mjukuu wake wa miaka 19 akiwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk. Bibi alikuwa ameshika chupa ya maji ya mwarobaini, imebaki nusu. "Chango hicho, mwanangu," akaniambia kabla sijauliza hata jina la mgonjwa. "Babake alikuwa nacho vivyo hivyo. Huyu naye usiku kilimuuma akalia, alfajiri kikamwacha, tukashukuru. Sasa mtazame."

Nilipomwekea kijana kiganja tumboni, lilikuwa gumu kama kibao cha mbuzi. Alisema njiani kila tuktuk ilipopanda tuta alihisi kama anachomwa kisu.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Mombasa miaka mingi. Magonjwa ya ajabu ya tumbo yapo, na nitayataja. Lakini wengi ninaowapokea wameponzwa na jina: ugonjwa ulibatizwa nyumbani, jina likatafutiwa dawa, na dawa ikala siku tatu. Nasi wa hospitali tuna ugonjwa huohuo wa kubatiza haraka, ila majina yetu ni mengine: gesi, vidonda vya tumbo, taifodi.

"Maumivu yameisha, amepona."

Hili ndilo lililokaribia kumuua kijana wa Kisauni. Kidole tumbo kikiziba, huvimba kama puto, na kule kutanuka ndiko kunakouma. Maumivu huanza karibu na kitovu, hamu ya chakula hupotea, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia. Kikipasuka, ule mkazo huachia na mgonjwa hupata nafuu ya muda mfupi. Anaweza hata kuomba chai. Saa chache baadaye usaha umeenea, utando wa tumbo umewaka, na tumbo lote hukakamaa. Nafuu ya ghafla baada ya usiku wa kulia inatakiwa iwatie watu hofu kuliko yale maumivu yenyewe.

"Chango tu hicho."

Neno lenyewe silidharau. Bibi zetu walilitumia kwa minyoo, kwa msokoto wa mtoto mchanga, kwa maumivu ya hedhi, hata kwa mwanamke asiyeshika mimba. Tatizo ni upana wake. Binti aliyepitisha siku zake, akaumwa chini ya kitovu, akaona kizunguzungu na bega likamuuma, huenda ana mimba nje ya kizazi na anavuja damu ndani kwa ndani. Huyo hasubiri kesho. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye selimundu, na hapa pwani tunao wengi, anaweza kuwa na tumbo linalofanana kabisa na la kupasuliwa, kumbe ni chembe zake za damu zilizopinda kama mundu zikaziba njia. Kisukari kilichopanda kupita kiasi nacho hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana tunatoboa kidole na kuuliza maswali mengi wakati ninyi mnataka dawa tu.

"Mshipa" ni ndugu yake chango. Mwanamume ana uvimbe kinenani, anaambiwa ni mshipa, anapewa mizizi. Ukiwa ni ngiri na umekuwa mgumu, haurudi ndani, na mtu anatapika, utumbo umenasa na unakosa damu. Hapo tunahesabu saa. Kilichonasa si utumbo kila mara: mwaka 1735 kule London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyoimeza. Akakikata, mtoto akapona. Ndiyo oparesheni ya kwanza ya kuondoa kidole tumbo inayojulikana kuandikwa, na hadi leo ngiri yenye kidole tumbo ndani huitwa kwa jina la Amyand.

Na kwa kuwa nimetaja pini, nisisahau mbegu za mapera. Watoto wa Majengo wamezikatazwa vizazi na vizazi. Ni kweli mbegu chache zimewahi kukutwa ndani ya kidole tumbo, kama ile pini. Lakini kinachoziba mara nyingi ni kipande cha choo kilichokauka, au tezi za ukuta wake zilizovimba. Kuleni mapera.

"Choo kikifunga, sanamaki itafungua."

Itafungua, ikiwa njia ipo. Kuna wazee wanaoletwa na tumbo limejaa kama ngoma, hawajatoa choo wala upepo siku mbili, na wamekwisha kunyweshwa sanamaki, haluli na mafuta ya mbarika. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imejisokota kwenye mhimili wake. Afrika Mashariki tunauona ugonjwa huu mara nyingi kuliko Ulaya, hasa kwa wanaume. Kwenye eksirei utumbo uliojaa upepo huonekana kama buni kubwa ya kahawa, na ukishaiona mara moja huisahau. Kama utumbo haujafa, daktari hupitisha mpira kwa njia ya haja kubwa. Ukivuka msokoto, upepo na choo chepesi hutoka kwa kishindo, na aliyesimama vibaya huoga. Tumbo hunywea mbele ya macho yako na mzee huvuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Baadaye kipande hicho hukatwa kwa mpango, maana wengi hujisokota tena. Ukiwa umekwisha kuwa mweusi, hakuna mpira, ni thieta moja kwa moja. Kumnywesha mtu dawa ya kuharisha juu ya utumbo ulioziba ni kufungulia maji kwenye bomba lililofungwa mwisho.

"Picha imetoka safi, hana kitu."

Ultrasaundi hutegemea mkono na jicho la anayeipiga, na upepo wa utumbo huificha mengi. Kidole tumbo kilichojificha nyuma ya utumbo hakionekani kwa urahisi, na kutoonekana si kutokuwepo. Mgonjwa aliyeambiwa arudi kesho kupapaswa tena hajafukuzwa, arudi.

Kifua kikuu ndicho bingwa wa kudanganya. Watu wanadhani ni cha mapafu tu. Hukaa pia mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana, kikajenga uvimbe chini kulia, mtu akakonda, akatoka jasho usiku, tumbo likajaa maji. Eksirei ya kifua inaweza kuwa safi kabisa na makohozi yasiwe na kitu. Hata daktari mzoefu akiuona uvimbe huo huapa ni saratani. Jibu hutoka maabara, kwa kipande kidogo cha nyama kilichokatwa, na mtu aliyekwisha kuandika wosia akaondoka na vidonge vya miezi 6.

Kinyume chake ni damu chooni, ambayo kila mtu wa mjini anajua ni bawasiri. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini bawasiri na saratani zinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na uvimbe mwingi wa njia ya haja kubwa hufikiwa na kidole cha daktari kwa nusu dakika. Wanaume hasa hukimbia kidole hicho. Wakija miezi minane baadaye, choo kimekuwa chembamba, damu mwilini imekwisha, ndipo wanasema kisu ndicho kilichosambaza saratani. Haikusambazwa na kisu. Ilikuwa imesambaa, tukafungua, tukaiona.

"Kidole tumbo kiko kulia."

Kwa watu karibu wote, ndiyo. Mjamzito husukumiwa juu na mtoto, kikamuuma pembeni mwa mbavu. Na kiasi cha mtu 1 kati ya 10,000 huzaliwa viungo vyote vimegeuzwa: moyo kulia, ini kushoto, kidole tumbo kushoto. Nilimwona mmoja tu, fundi wa mashua. Aliumwa kushoto siku nzima na hakuna aliyemwazia kidole tumbo, mpaka kijana wa eksirei alipodhani ameigeuza filamu, akapiga tena, na moyo ukabaki kulia. Tulipomruhusu kwenda nyumbani, daktari alimwandikia kikaratasi cha kuweka pamoja na kitambulisho. Mkewe alikisoma mara mbili, akamgeukia: "Kumbe ndiyo maana, baba Salma, nikilalia kifua chako huku sisikii kitu."